Jinsi ya Kuugua kwa Utaratibu: Mwongozo wa Bima ya Miezi Mitatu

Hongera kwa kuachishwa kazi. Au pengine hukuachishwa: mkataba wako wa uuguzi umeisha hapo Dallas na ule wa Houston unaanza mwezi ujao. Au umepata kazi mpya kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mwajiri amekuambia kwa tabasamu kwamba bima yako itaanza baada ya siku 90, ambazo ndizo nyingi zaidi sheria inazomruhusu kukungojesha. Vyovyote iwavyo, uko Marekani, ambako bima ya watu wengi imefungwa kwenye ajira, na ajira imeondoka na kadi.

Usihofu. Andika kwenye simu yako kwamba unatafuta bima ya bei nafuu, na msaada utakuja wenyewe. Tovuti ya kwanza itakuuliza umri, mahali unapoishi na namba ya simu. Yenye maana hapo ni namba. Ukishaitoa hutakuwa mpweke tena: utapigiwa asubuhi ukiwa msalani na jioni ukiwa barabarani, na kila anayepiga ataanza kwa kukujulia hali, jambo ambalo jamaa zako wameliacha tangu waliposikia huna kazi.

Atakachokuuzia ni bima ya muda mfupi. Malipo yake ya mwezi ni madogo kuliko ya bima kamili isiyo na ruzuku, wakati mwingine kwa mbali sana, na utapewa kadi yenye nembo ambayo mpokezi wa zahanati hawezi kuitofautisha na kadi ya kweli mpaka aipigie kampuni simu. Mwongozo huu utakuonyesha namna ya kuitumia bila kuiudhi kampuni.

Kuwa mzima, na uwe ulikuwa mzima

Sharti la kwanza la bima hii ni kutoihitaji. Fomu itakuuliza kama una kisukari, saratani, ugonjwa wa moyo, au mimba. Jibu lolote la ndiyo linamaliza mazungumzo. Utasema, si maswali haya yalipigwa marufuku? Yalipigwa. Sheria ya 2010 ambayo watu wanaiita Obamacare ilizizuia kampuni, kuanzia 2014, kumkataa mtu au kumpandishia bei kwa sababu ya ugonjwa alio nao. Lakini sheria ya zamani zaidi, HIPAA ya 1996, ilikuwa imeshaitenga bima ya muda mfupi nje ya kundi la bima za mtu binafsi. Kwa hiyo Obamacare ilipofika na masharti yake, hii ilikuwa imekaa nje ya ua, na haikuguswa.

Tuseme umejibu hapana kote, na ni kweli. Umepita? Bado. Kampuni nyingi hazisumbuki kukuchunguza siku unaponunua. Siku hiyo zinapokea pesa. Uchunguzi unaanza siku unapoleta bili. Hapo ndipo utakapoombwa mafaili yako ya hospitali, ya miaka miwili nyuma kwa mpango mmoja, mitano kwa mwingine, na kuna mtu anayelipwa mshahara kuyasoma mstari kwa mstari akitafuta ugonjwa uliokuwapo kabla.

Na hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo penye ufundi wote. Katika mikataba mingi, ugonjwa uliokuwapo kabla haumaanishi tu ugonjwa uliotibiwa au kupimwa. Unaingia pia ule ulioleta dalili ambazo mtu mwenye busara angezipeleka kwa daktari. Si lazima uwe ulijua. Si lazima daktari yeyote duniani awe alijua. Inatosha kwamba mtu mwenye busara, ambaye hakuwapo, angejua.

Sasa jipime. Wewe ni mtoto wa Kisumu au Morogoro. Umelelewa kwamba tumbo likiuma unakunywa chai ya tangawizi, likizidi unameza panadoli alizokuja nazo shangazi kwenye sanduku, na hospitali ni pa kupelekwa, si pa kwenda. Umevumilia maumivu tangu kabla ya Krismasi. Bima yako imeanza Januari. Februari unakimbizwa hospitali usiku, kidole tumbo kimevimba, unapasuliwa, unapona, unamshukuru Mungu. Baadaye inakuja barua. Daktari wa zamu alikuuliza maumivu yalianza lini, ukamjibu kwa ukweli kama ulivyofunzwa, naye akaandika: mgonjwa anasema amekuwa akiyasikia tangu mwezi wa kumi na mbili. Sentensi hiyo moja ina thamani ya makumi ya maelfu ya dola, na umeitoa bure ukiwa umelala chali. Kwa hesabu ya kampuni wewe hukuwa mtu mwenye busara, na bili ni yako.

Ushauri wa mwongozo: ukitaka kununua bima ya muda mfupi, anza kuwa na afya njema miaka mitano kabla.

Yasiyofaa kuugua

Usishike mimba. Mwaka 2018 taasisi ya utafiti wa afya ya KFF ilipitia mipango ya muda mfupi iliyokuwa ikiuzwa kwenye tovuti mbili kubwa, na haikukuta hata mmoja unaolipia uzazi. Usisongwe na mawazo pia, ijapokuwa umepoteza kazi: asilimia 43 ya mipango hiyo haikugusa matibabu ya akili. Pombe na dawa za kulevya, asilimia 62 hazikuhusika. Ukiandikiwa dawa za kwenda kumeza nyumbani, asilimia 71 zilikutakia safari njema ya duka la dawa. Katika bima ya Obamacare vyote hivi ni vya lazima. Vimo kwenye makundi 10 ya huduma ambazo kampuni haina ruhusa ya kuziruka.

Ukishaondoa uzazi, akili, ulevi na vidonge, unabaki na ajali na magonjwa ya ghafla, na hata haya yana ratiba. Mipango mingine haihesabu ugonjwa ulioanza siku chache za mwanzo, na saratani unatakiwa uisubirishe siku 30. Mingine hailipii kulazwa Ijumaa au Jumamosi isipokuwa kwa dharura. Sijui ni nani aliyekaa ofisini akafikiria hili, lakini namvulia kofia. Wagonjwa kwa kawaida hufikiria kama watapona. Yeye alifikiria kalenda.

Kisha zipo pesa zenyewe. Kuna kiasi unachotakiwa kutoa mfukoni kwanza kabla kampuni haijatoa senti, na katika bima hizi si jambo geni kiwe maelfu ya dola. Tuseme ni 5,000. Umelipia bima miezi mitatu, umeenda kwa daktari mara mbili kwa kikohozi, na mara zote mbili umelipa mwenyewe, bili nzima. Kadi ilikusaidia kujaza ile sehemu ya fomu inayouliza jina la bima. Upande wa juu nako kuna dari: kampuni italipa hadi kiasi fulani, labda dola 250,000, labda milioni moja, halafu basi. Bima kamili zimekatazwa kuweka dari ya namna hiyo kwa huduma za lazima. Ukisikia 250,000 unaona ni nyumba mbili za ghorofa Kigamboni. Chumba cha wagonjwa mahututi cha Marekani hakijengi Kigamboni, na kinakula haraka.

Lipo pia suala la daktari wa usingizi. Tangu 2022 ipo sheria ya nchi nzima inayomkinga mwenye bima asiletewe bili ya kushtukiza na daktari ambaye hakumchagua na ambaye hayumo kwenye mtandao wa bima yake. Bima ya muda mfupi haimo kwenye kinga hiyo. Kwa hiyo kabla hujazimia, uliza kila anayeingia chumbani na sindano yuko chini ya mkataba na nani.

Mpende dalali wako

Huyu ni rafiki wa kweli, na urafiki wake una sababu. Juni 2020 kamati ya Bunge la Marekani inayosimamia nishati na biashara ilitoa ripoti baada ya kuzichunguza kampuni kubwa zinazouza au kutangaza bima hizi. Ilikuta kwamba dalali alipata, kwa wastani, kamisheni ya asilimia 23 kwa bima ya muda mfupi, na asilimia 2 kwa bima ya Obamacare. Utaona basi kwa nini anaijali afya yako kwa namna hii na si kwa namna ile. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba kampuni hizi zilitumia chini ya nusu ya michango ya wateja kwa matibabu yao. Bima kamili za mtu binafsi zinalazimishwa kutumia angalau asilimia 80, la sivyo zirudishe chenji.

Mwaka huohuo wakaguzi wa GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge, walijifanya wateja wagonjwa wakapiga simu 31 kwa mawakala wa bima. Mara 21 walipata jibu la haki. Mara 8 walikutana na mbinu zinazoelekea kuwa za udanganyifu: kuambiwa kwamba kisukari chako kimo kumbe hakimo, au wakala kujaza fomu kwa niaba yako ukionekana mzima kuliko ulivyojieleza. Kumbuka aliyejaza hayupo siku ya bili. Sahihi ni yako.

Kwa hiyo dalali akisema, usijali dada, kila kitu kimo, muombe akutumie mkataba mzima uusome kabla ya kutoa namba ya kadi ya benki. Si muhtasari. Mkataba. Utagundua mambo mawili. La kwanza, kwamba bei ya leo inaisha saa sita usiku. La pili, kwamba simu imekatika. Kama kwa bahati ukiupata, karatasi ya kwanza itakuwa na onyo lililowekwa kwa amri ya serikali, kwamba hii si bima kamili ya afya. Mara nyingine utakuta pia kwamba umejiunga na chama fulani cha kitaifa ambacho hujawahi kukisikia, chenye ada yake ya kila mwezi na punguzo la kukodi magari. Karibu chamani.

Muda mfupi ni muda gani?

Inategemea nani analala Ikulu. Kanuni za 1997 ziliruhusu bima hizi zidumu chini ya miezi 12. Mwaka 2016 serikali ya Obama ikazikata ziwe chini ya miezi mitatu. Mwaka 2018 serikali ya Trump ikazirefusha hadi siku 364, na kwa kuzihuisha zifike miezi 36; muda mfupi wa miaka mitatu, watoto wanazaliwa na kuanza chekechea ndani yake. Kanuni ya Biden ikaja: bima iliyoanza Septemba 1, 2024 au baadaye iwe miezi mitatu, na kwa nyongeza isizidi minne. Agosti 2025 serikali ya Trump iliyorudi ikatangaza kwamba kuisimamia kanuni hiyo si kipaumbele chake. Haikuifuta, ilisema tu kwamba haitaikazia macho.

Majimbo nayo yana yao. California, New York, New Jersey na Massachusetts hazitaki kuiona bima hii. Illinois iliipiga marufuku kuanzia 2025. Wewe uliyeko Texas una uhuru.

Mama akija

Kuna ndugu wa bima hii ambaye watu wetu wanamjua zaidi: ile ya mgeni. Mtoto wako amezaliwa, mama amepata viza, na kabla hajapanda ndege unamnunulia bima ya wiki kumi na mbili. Viza ya utalii haikulazimishi, lakini unanunua, na unafanya vizuri. Fanya basi na la pili: usiangalie bei peke yake. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi zinalipa kiasi kilichopangwa kwa kila huduma, dola kadhaa kwa siku ya kulazwa, dola kadhaa kwa daktari, na hospitali inakutafuta wewe kwa zilizobaki. Na presha ya mama, ile aliyo nayo tangu enzi za Mkapa, ni ugonjwa uliokuwapo kabla kwa tafsiri zote. Baadhi ya mipango inakubali kulipa ugonjwa wa zamani ukilipuka ghafla, lakini ina kikomo cha umri na cha pesa. Dawa zake za miezi yote atakayokaa zije naye kutoka nyumbani, kwenye begi la mkononi. Sanduku kubwa liwe la dagaa.

Mtego wenyewe

Hayo yote ni maudhi. Yanayofuata ndiyo hasara, na hayamo kwenye karatasi ya dalali.

Ukipoteza bima ya kazini, soko la bima la serikali, HealthCare.gov au la jimbo lako, linakufungulia mlango wa pekee kwa siku 60, hata kama msimu wa kujiandikisha umepita. Kama kipato chako kimeshuka unaweza kupata ruzuku. Ugonjwa wako hauulizwi. Lakini aliyekwisha kununua bima ya muda mfupi anajiona yumo ndani, hana haraka, na siku 60 zinampita akiwa na kadi mfukoni. Mwezi wa tatu unaisha, kadi inakufa, anakwenda sokoni aseme bima yangu imekwisha. Anaambiwa kwamba kuisha kwa bima hiyo hakumfungulii mlango, kwa sababu haihesabiki kuwa bima. Arudi Novemba 1, kwa bima itakayoanza Januari. Kama katikati hapo aligunduliwa na uvimbe, bima nyingine ya muda mfupi itauita ugonjwa uliokuwapo kabla, na safari hii itakuwa imesema kweli.

Ipo pia COBRA, jina ambalo wengi wakiona bei yake hufunga bahasha. Ni sheria ya miaka ya themanini inayokuruhusu kubaki kwenye bima ya mwajiri wako wa zamani, kwa kawaida hadi miezi 18, kama ana wafanyakazi 20 au zaidi. Ghali ni kweli ghali: unalipa sehemu yako, sehemu aliyokuwa akilipa yeye, na asilimia 2 juu. Lakini bahasha hiyo ina jambo ambalo halitangazwi kwa sauti. Una siku zisizopungua 60 za kuamua, na ukikubali, bima inarudi nyuma hadi siku ile ya zamani ilipokatika. Baada ya kukubali una siku 45 za kufanya malipo ya kwanza. Maana yake, kama pengo lako ni la wiki sita kati ya kazi na kazi, unaweza kukaa na fomu mezani bila kulipa kitu. Ukigongwa na gari siku ya 40, jaza, lipa ya tangu mwanzo, na umekuwa na bima kamili muda wote. Usipogongwa, itupe. Wauguzi wa mikataba wa siku nyingi wanaijua mbinu hii. Wageni wa mji hawaijui, ndio maana naiandika kwa wino ule ule niliofanyia dhihaka.

Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato cha chini, na CHIP, ile ya watoto, hazina msimu. Unaomba siku yoyote. Texas ni kati ya majimbo 10 yaliyokataa kuipanua Medicaid, na mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu kwa kawaida haipati hapo hata awe hana shilingi. Mwenye watoto naye, wao wanaweza kuwa na haki wakati yeye hana, kwa hiyo uliza. Ndugu aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akafika juzi aanze kwa shirika lililompokea kabla ya kuongea na dalali yeyote. Msaada wa matibabu kwa wakimbizi wapya ulipunguzwa mwaka 2025 kutoka miezi 12 hadi 4, na siku zake zinakimbia. Aliyepata hadhi mpya ya ukaazi naye hufunguliwa mlango wake wa siku 60 sokoni. Hospitali zenye chumba cha dharura zinazopokea Medicare, bima ya serikali ya wazee, zinabanwa na sheria ya 1986 kukupima na kukutuliza hata kama huna kitu, na zile zisizo za kibiashara zinalazimika kuwa na utaratibu wa kuwasamehe bili wasio na uwezo. Fomu ya msamaha huo ipo. Hailetwi kitandani mpaka uiombe kwa jina.

Je, hakuna anayefaa kununua bima ya muda mfupi? Yupo. Ni kijana asiye na faili hospitalini, ambaye milango yote imemfungikia kwa uzembe wake mwenyewe, anayengojea bima ya kazi mpya wiki tano zijazo, na anayeogopa lori la barabara kuu kuliko kitu kingine chochote. Huyo anunue, asome mkataba, na aendeshe polepole. Wengine wengi wamepewa kitu bora na sheria, wakakosa tu mtu wa kuwaambia, kwa kuwa asilimia 2 haimpi mtu hamu ya kupiga simu.

Kama kazi yako imekwisha mwezi huu, tafuta sasa ile barua ya mwajiri yenye tarehe ambayo bima yako ilikatika, hesabu siku 60 kuanzia hapo, na uiandike siku ya mwisho ukutani. Kisha namba ya simu usimpe mtu.